Uzi Ndani ya Maji

Kwa Wanyakyusa asubuhi huanza kwa habari ya usingizi. "Ugonile," mtu anamwambia mwenzake wakipishana njiani, yaani umelala, na akikutana na mkubwa wake anaongeza heshima ya wingi, "Mugonile, tata." Nimeisikia salamu hiyo mara nyingi Ngana, kata ya magharibi ya Wilaya ya Kyela upande wa Mto Songwe, alfajiri watu wakienda mashambani na majembe begani, ukungu ukiwa bado umelalia majaruba ya mpunga. Kila ninapoisikia nakumbuka kwamba katika bonde hili kuna kiumbe mwingine anayeishi kwa kufuata usingizi wetu. Mtu akiwa macho, watoto wa kiumbe huyo hujificha ndani kabisa, kwenye mishipa ya mapafu. Akilala, hasa kati ya saa nne na saa nane za usiku, hutoka kwa maelfu na kuogelea katika mishipa midogo iliyo karibu na ngozi, pale pale mbu anapotoboa.

Kiumbe huyo ni mnyoo. Madaktari wanamwita filaria. Sisi hatukuwahi kumpa jina, kwa sababu hatukuwahi kumwona. Tuliona anachokiacha, tukakiita matende mguu unapovimba usirudi tena, na busha korodani zinapojaa maji. Majina haya ya mguu na ya korodani ni ya watu waliotazama kwa macho njiani, sokoni na mtoni. Jina la mnyoo ni la mtu aliyetazama kwa kioo. Nataka kusimulia jina hilo la pili lilikotoka, jinsi lilivyozunguka dunia, na lilivyofika kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kwa maana nimekuja kuamini kwamba jina la ugonjwa huamua ni nani atakayeonekana na ni nani atakayesahaulika.

Nilipokuwa mtoto palikuwa na mzee mmoja kanisani kwetu ambaye alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Watoto tulidhani ni uchaji. Alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, shuka limeshuka hadi chini hata siku za jua kali. Jumapili moja mvua kubwa ilinyesha, ibada ikaisha huku uwanja umejaa maji, naye akalazimika kupandisha shuka ili avuke. Ndipo nilipouona mguu wake wa kushoto. Ngozi ilikuwa nene, imejikunja kwenye kifundo kama gome la mwembe mkongwe, vidole vimezama zikabaki kucha tu. Hakumtazama mtu. Alivuka polepole, mkononi ameshika kiatu kimoja cha mguu wa kulia. Cha kushoto hakuwa nacho. Nani angemuuzia kiatu cha kuingia mguu ule? Watu wazima walisema alikanyaga kitu alichotegewa. Hakuna aliyesema mbu. Hakuna aliyesema uzi.

Kwa maana filaria, asili yake, ni uzi. Kwa Kilatini uzi huitwa filum, uzi wa kawaida kabisa, kama ule ambao wanawake wa Roma waliusokota kwa sufu na kuufuma nguo. Neno hilo limetembea mbali kuliko tunavyodhani. Waya mwembamba uliokuwa ukiwaka ndani ya balbu za zamani uliitwa filamenti kwa sababu hiyo. Makarani wa Ulaya walikuwa wakitunga karatasi zao kwenye uzi au waya zisipotee, kama mvuvi wa Matema anavyotunga samaki wake kwenye kamba ya mgomba; Wafaransa wakaiita kazi hiyo kwa jina la uzi, Waingereza wakalichukua, na Mwingereza alipoitawala Tanganyika akatuachia faili. Mgonjwa wa Kyela anapofika dirishani na kuulizwa, "Mama, faili lako liko wapi?", anaulizwa kwa neno la Kilatini. Na kama ndani ya faili hilo imeandikwa filaria, basi maneno ya mama mmoja yamekutana kwenye karatasi moja, wala hakuna aliyewatambulisha.

Katika karne ya 18 mtaalamu wa viumbe wa Denmark, Otto Friedrich Müller, alitafuta jina la kundi la minyoo mirefu myembamba aliyoiona ndani ya wanyama. Akawaita Filaria, wanaofanana na uzi. Hakuwa na habari ya Kyela wala ya mguu wa mtu yeyote. Alichoeleza ni umbo tu, na kwa umbo hakukosea. Mnyoo jike wa aina inayotusumbua sisi ana urefu wa sentimita nane hadi kumi, na unene wake haufiki theluthi moja ya milimita. Ukimweka juu ya kitambaa cheupe utadhani ni uzi uliochomoka kwenye mshono.

Uzi huo huishi ndani ya maji. Kwa jina kamili, Kiingereza huuita ugonjwa huu kwa maneno mawili ya Kilatini: la uzi, na la limfu. Lympha kwa Warumi ilikuwa maji maangavu, maji ya chemchemi, na walikuwa na mungu wa kike wa jina hilo ambaye wakulima walimwomba maji ya mashamba. Mwaka 1653 huko Copenhagen, Thomas Bartholin alichapisha maelezo ya mirija myembamba aliyoikuta mwilini imejaa majimaji yasiyo na rangi, akaiita mirija ya limfu. Msweden mmoja, Olof Rudbeck, alikuwa ameiona mirija hiyo katika miaka hiyo hiyo, na wakagombania nani aliyetangulia. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. La kutuhusu ni kazi ya mirija hiyo: kukusanya maji yanayovuja kutoka kwenye damu na kuyarudisha, yakipitia kwenye tezi. Kiswahili kinazijua tezi hizo zinapovimba kwenye nyonga mtu akiwa na kidonda mguuni. Tunasema ametoka mtoki. Minyoo hukaa humo kwenye mirija, wamejisokota pamoja kama uzi uliochafuka, miaka sita hadi minane. Mirija hulegea na kutanuka, valvu zake huharibika, na maji ambayo yangepanda hubaki chini. Mguu hujaa. Kisha bakteria huingia kwenye michubuko midogo na katikati ya vidole, homa huja na kuondoka, na kila homa ikipita ngozi huongezeka unene.

Anayeijua Kyela ataona jinsi maneno hayo mawili, uzi na maji, yanavyolifaa bonde letu. Ziwa liko kwenye takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na juu yake umesimama Mlima Rungwe na safu za Livingstone, zinazokamata mvua na kuimwaga yote kwetu. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka na kupoteza mwendo kwenye tambarare. Masika ikikolea mito huacha njia zake, na Songwe imehama mara nyingi kiasi kwamba mpaka wa Tanzania na Malawi, unaofuata mto, umekuwa ukiwasumbua wapimaji wa nchi zote mbili. Maji hukaa majarubani, kwenye nyayo za ng'ombe, kwenye mashimo ya vyoo. Mbu wa malaria huzaliana kwenye maji ya mpunga, mbu wa vyooni kwenye maji machafu, na wote wawili wanaweza kuubeba uzi. Ndani ya mbu, mtoto wa mnyoo huhitaji joto na muda wa wiki moja na nusu hivi hadi mbili ili akomae. Panda gari kutoka Kyela mjini kwenda Tukuyu: unaiacha michikichi na mikakao nyuma yako, unaingia kwenye migomba na chai, na kufikia zaidi ya mita 1,500 baridi imekwisha kuvunja safari hiyo ya mnyoo. Ndiyo maana ndugu wa ukoo mmoja, mmoja amejenga juu na mwingine chini, hawana historia moja ya miguu.

Kabla ya uzi kujulikana, hata hivyo, ulikuwepo tembo, na tembo huyo aliwapoteza madaktari wa Ulaya kwa karne nyingi.

Wagiriki walikuwa na neno elephantiasis, kutoka elephas, tembo. Lakini ugonjwa waliouita hivyo haukuwa huu wa mguu. Ulikuwa ukoma, unaoifanya ngozi ya uso na mwili kuwa nene na yenye mikunjo kama ya tembo. Mshairi wa Kirumi Lucretius, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kwamba ugonjwa wa tembo huzaliwa kando ya Mto Nile katikati ya Misri na si mahali pengine. Celsus, aliyeandika kwa Kilatini katika karne iliyofuata, alisema Italia karibu hawaujui. Kisha wakaja matabibu walioandika kwa Kiarabu, al-Razi na Ibn Sina miongoni mwao, na hao walitenganisha vizuri. Ukoma wakauita judham, neno ambalo Kiswahili cha pwani kimelihifadhi kwa jedhamu. Mguu uliovimba wakauita da al-fil, ugonjwa wa tembo, kwa sababu ni mguu wa tembo hasa unaofanana nao: mnene kuanzia goti hadi chini, bila kifundo.

Katika karne ya 11 Constantinus, mtu wa Afrika ya Kaskazini aliyekuwa mtawa wa Monte Cassino nchini Italia, alivigeuza vitabu vya tiba vya Kiarabu kuwa Kilatini. Yeye na waliomfuata walipokutana na judham waliandika lepra, neno ambalo Wagiriki walilitumia kwa ngozi yenye magamba tu. Na da al-fil ilipotafsiriwa neno kwa neno, ikazaa tembo mwingine. Sasa vitabu vya Ulaya vikawa na tembo wawili: wa Kigiriki aliyekuwa ukoma, na wa Kiarabu aliyekuwa mguu. Mkanganyiko huo haukuisha upesi. Hata katika karne ya 19 daktari makini alilazimika kuandika "elephantiasi ya Wagiriki" au "elephantiasi ya Waarabu" ili msomaji asichanganye mgonjwa mmoja na mwingine. Nalisimulia hili taratibu kwa sababu tafsiri mbaya ya neno la ugonjwa haibaki kitabuni. Aliyeitwa mkoma Ulaya ya wakati ule alitengwa na watu.

Jambo moja hunishangaza kila ninapolifikiria. Kila aliyepita chuoni akasoma Sura ya Fil anajua kwamba fil ni tembo. Jina la Kiarabu la ugonjwa huu lina fil, jina la Kilatini la mnyoo wake lina fil, na maneno hayo hayana undugu wowote. Moja ni mnyama mkubwa kuliko wote nchi kavu. La pili ni uzi usioonekana ukiudondosha sakafuni. Mwenye mguu ule amebeba vyote viwili.

Ugonjwa wenyewe ulivuka bahari ndani ya miili ya Waafrika. Meli za watumwa ziliupeleka Amerika na visiwa vya Karibi, hata Waingereza wakauita mguu wa Barbados, kana kwamba ulizaliwa kwenye mashamba ya miwa. Ndiyo maana uzi ulionekana kwanza kwa wagonjwa wa bandari zilizopokea watumwa. Mwaka 1863 Jean-Nicolas Demarquay, daktari wa upasuaji wa Paris, alitoa maji kwenye busha la kijana aliyetoka Havana, Cuba, akakuta humo viumbe wadogo wakijinyonganyonga. Agosti 1866 huko Salvador, Bahia, Otto Wucherer alikuwa akitafuta mayai ya kichocho katika mkojo mweupe kama maziwa. Hakuyaona, akaona nyuzi hai. Mwaka 1872 Timothy Lewis, mjini Calcutta, aliwakuta kwenye damu yenyewe, akawapa jina la Kilatini linalomaanisha uzi wa damu ya binadamu. Mama yao alikuwa bado hajaonekana hata Desemba 1876, Joseph Bancroft wa Brisbane, Australia, alipompata kwenye jipu la mkono wa mgonjwa. Jina la kitaalamu tulilonalo leo, Wuchereria bancrofti, ni la mabwana hao wawili waliofungiwa pamoja. Wagonjwa wa Havana, wa Bahia na wa Brisbane hawamo.

Mgonjwa mmoja tunalijua jina lake, na ningependa lisomwe Kyela. Anaitwa Hin Lo. Alikuwa mtunza bustani wa Patrick Manson, daktari wa Kiskoti aliyefanya kazi Amoy, bandari ya China. Manson alijiuliza jambo ambalo hakuna aliyelijibu: watoto hawa wa mnyoo, maelfu kwa maelfu, hawakui ndani ya damu. Ni lazima watoke nje wakakulie pengine. Lakini hawana mdomo wa kutobolea ngozi. Nani anawatoa? Mwaka 1877 alimwomba Hin Lo, ambaye damu yake ilikuwa imejaa nyuzi hizo, alale ndani ya chumba kidogo chenye chandarua, taa ikawashwa, mlango ukaachwa wazi mbu waingie, kisha ukafungwa. Asubuhi wasaidizi waliwakuta mbu wamejaa damu, wazito, wametulia ukutani. Wakawalewesha kwa moshi wa tumbaku na kuwakusanya kwenye chupa. Manson aliwapasua mmoja mmoja, siku baada ya siku, na ndani ya misuli ya kifua cha mbu akaona uzi unabadilika, unafupika, unanenepa, kisha unarefuka na kupata mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanadamu kuthibitisha kwamba mdudu anayetunyonya damu ni nyumba ya malezi ya ugonjwa wetu. Miaka ishirini baadaye ni Manson huyo huyo aliyemsukuma Ronald Ross kuitafuta malaria ndani ya mbu. Na yote hayo yalianzia kwenye usingizi wa mtunza bustani.

Ni Manson pia aliyegundua habari ya usiku. Wasaidizi wake wawili walipima damu za watu saa baada ya saa, mchana na usiku, na hesabu ikatoka wazi kabisa: mchana hakuna kitu, jua likizama wanaanza kuonekana, usiku wa manane wamejaa. Tangu hapo anayetaka kuwahesabu watoto wa mnyoo kwenye damu ni lazima aje usiku. Fikiria maana yake kijijini: mtu mgeni anabisha hodi saa nne za usiku, ana taa na sindano, anataka tone la damu ya kidole. Katika nchi ambayo watu wanaotembea usiku wana sifa yao, haikuwa kazi rahisi kumweleza bibi kizee kwamba ugonjwa anaoutafuta huyu daktari hauamki mchana.

Jambo moja Manson alikosea. Alidhani mbu hufa majini na watu hupata mnyoo kwa kunywa maji hayo. Mwaka 1900 George Low, mjini London, alikata vipande vyembamba vya mbu waliotumwa kutoka Australia na Thomas Bancroft, mtoto wa yule wa Brisbane, akaukuta uzi umejipanga ndani ya mdomo wa mbu, tayari kushuka. Hivyo anayeung'ata usiku mguu wa mtu ndiye pia anayemletea uzi huo.

Katika miaka hiyo hiyo daktari mmoja wa jeshi la Wajerumani alikuwa akizunguka huku kwetu. Friedrich Fülleborn alifika ukingo wa kaskazini wa Nyasa mwishoni mwa karne ya 19, wakati Wajerumani wakiwa na kituo chao cha Langenburg kando ya ziwa na wamisionari wa Moravian na wa Berlin wakiwa wameingia tangu 1891. Mwaka 1906 alitoa kitabu kikubwa chenye picha juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma. Baadaye, katika taasisi ya magonjwa ya nchi za joto ya Hamburg, akawa mmoja wa wajuzi wakuu wa filaria duniani, na kuanzia 1930 hadi kifo chake 1933 aliiongoza taasisi hiyo. Nyuso za babu zetu zimo kitabuni mwake, wamesimama wima mbele ya nyumba zao. Wajukuu wao walisubiri dawa muda mrefu. Waingereza walifungua kituo cha utafiti wa filaria Mwanza, na miaka ya 1950 Peter Jordan alizunguka Tanganyika akipima damu za watu, lakini ujuzi mwingi wa miaka ile uliishia kwenye ramani na majarida.

Pwani, Kiswahili kilikuwa na maneno yake siku zote. Tende la mguu, busha, ngirimaji: watu walikuwa na maneno mengi kwa sababu walikuwa na wagonjwa wengi. Maneno hayo yalisafiri na lugha hadi bara, na leo bango la serikali likibandikwa kwenye zahanati ya Kyela haliandiki filaria. Linaandika "Ugonjwa wa Matende na Mabusha". Naona waliochagua hivyo walichagua vizuri. Lakini jina hilo nalo lina upofu wake. Linatufanya tudhani mgonjwa ni yule tu aliyevimba, wakati wengi wenye mnyoo hawana hata uvimbe. Kijana mwenye mwili wa chuma anayebeba magunia ya mpunga anaweza kuwa na maelfu ya nyuzi kwenye damu yake kila usiku, akawalisha mbu wa kijiji kizima, na hakuna atakayemnyooshea kidole. Hapo neno la Kilatini lina haki yake: linatazama mnyoo, halisubiri mguu.

Mwaka 1997 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuumaliza ugonjwa huu. Mwaka 2000 Tanzania ilianzia Kisiwa cha Mafia kugawa dawa mbili kwa watu wote, wenye dalili na wasio nazo: albendazo na ivamektini. Ya pili ilitokana na bakteria wa udongo aliyepatikana Japani na Satoshi Ōmura, ambaye pamoja na William Campbell alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na kampuni zinazozitengeneza zilijitolea kuzitoa bure. Kyela ilikuwa na sababu nyingine ya kuijua ivamektini, kwani mito yetu inayoshuka kwa kasi kutoka Rungwe ina usubi. Mgawa dawa, mtu wa kijiji chenyewe, huja na daftari na ubao wenye mistari. Hakupimi uzito, unasimama wima, kisigino ukutani, na mstari unaofika utosi wako ndio unaosema vidonge vingapi. Mtoto asiyefika sentimita 90 harukwi kwa kudharauliwa, haruhusiwi tu, na nimeona wengine wakinyanyuka kwa ncha za vidole ili wapate kama kaka zao.

Wakati huo Kyela ikawa mahali ambapo dunia ilijifunza jambo jipya. Kati ya 2006 na 2011 watafiti wa kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Munich, waliwafuatilia wakazi mwaka hadi mwaka na kuhifadhi damu zao. Walipozipima, waliona kwamba waliokuwa na mnyoo wa matende walikuwa wakipata maambukizi ya VVU zaidi ya mara mbili kuliko wasio nao. Matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet mwaka 2016. Uzi ambao watu walidhani unamtia aibu mwenye mguu peke yake, ulikuwa ukiwafungulia mlango vijana wasio na alama yoyote. Mwaka 2009 zaidi ya watu 30 kati ya kila 100 waliopimwa Kyela walikuwa na mnyoo huo. Baada ya miaka ya kumeza vidonge, mwaka 2019, hawakufika wawili kati ya mia. Ng'ambo ya Songwe, ambako Karonga ilikuwa na matende kama sisi, Malawi ilithibitishwa mwaka 2020 na Shirika la Afya Duniani kwamba imeumaliza ugonjwa kama tatizo la afya ya jamii.

Hizi ni habari njema, nami nazifurahia kwa moyo wote. Ila dawa huua watoto wa mnyoo. Mirija iliyokwisha kuharibika haiponi. Busha hupasuliwa, na mwanamume hurudi nyumbani akitembea kama wenzake. Mguu haupasuliki hivyo. Mtoto aliyezaliwa Ngana leo huenda asijue filaria ni nini, na wakati huo huo jirani yake ana mguu ule ule aliokuwa nao kabla ya kampeni. Kwa vipimo vya maabara huyo si mgonjwa tena. Damu yake haina kitu, na faili lake likifunguliwa litasema hivyo.

Ninachokijua ni kwamba mguu huo hutunzwa kwa mikono. Asubuhi, mbele ya nyumba moja isiyo mbali na mto, mama mmoja hukaa kwenye kigoda na beseni la maji safi, sabuni ya kipande, na kitambaa kilichokatwa kwenye khanga kuukuu. Anaosha kuanzia goti kushuka, anafuata kila mkunjo kwa kidole, bila haraka, kwa maana mkunjo unaoachwa na unyevu ndio utakaoleta homa wiki ijayo. Anasuuza mpaka maji yawe maangavu. Kisha anaanza kukausha katikati ya vidole, na hapo ndipo penye kazi, kwa kuwa vimebanana. Anasokota ncha ya kitambaa ikawa nyembamba, anaipitisha, anaivuta upande wa pili, anaipitisha tena.

"Mugonile, juuba," wanamwambia wanaopita na majembe.

"Ngonile," anawajibu, na kusogeza kitambaa kwenye kidole cha mwisho.